Duka la vitenge Mwanga, Kigoma: kitambaa nyota tano, mshono tuongee

Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox kwa hiyo naandika hapa mara moja, nyie wote mlioniuliza lile gauni la kwenye sendoff kitambaa nilinunua wapi na kashona nani. Duka liko Mwanga, sio yale ya barabarani yenye midoli nje imevalishwa magauni, hapana, unaingia ndani kama unaenda sokoni, unapita wauza mawese, unapita wauza dagaa, ukianza kusikia harufu ya nguo mpya inagombana na harufu ya dagaa ujue umefika. Jina silitaji maana mwenyewe kaniomba nisimtangaze, anasema wateja alionao wanamtosha na hawa wanaoletwa na simu kazi yao kupiga picha na kuondoka. We uliza duka la mama mwenye picha ya mwanamke hana kichwa, hata mtoto wa darasa la pili atakupeleka. Hiyo picha ntaielezea, tulieni.

Mzigo wake karibu wote unatoka ng'ambo, yani Kongo, unavuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie, mwingine unazungukia Bujumbura. Ndo maana nawacheka sana watu wa Dar wanaodhani sisi wa mwisho wa reli fasheni inatufikia imeshapoa. Kwenye vitenge wao ndo wa mwisho jamani, kitu tumekivaa huku mpaka tumekichoka ndo unakuja kukiona Kariakoo kimebandikwa bei mara mbili.

Sasa ndani ya duka kuna upande wa kushoto na upande wa kulia, na kama hujui utaumia. Kushoto ni vile vya Kichina na fensi, pisi ya yadi sita unapata kwa sh. 20,000 mpaka 30,000 kulingana na unavyojua kulia bei. Vizuri kwa sare za kamati, vizuri kwa pazia, sivisemi vibaya. Kulia ndo waksi za Holland zenyewe, hapo jiandae laki mbili na kitu kupanda juu na mama hapunguzi, anakuangalia tu. Namna ya kutofautisha alinionyesha mwenyewe bila hata kumuuliza: geuza kitambaa nyuma, kama rangi nyuma imepauka hiyo ni ya kuchapwa upande mmoja. Waksi inapakwa utomvu fulani kama nta pande zote mbili, halafu inazamishwa kwenye rangi, sasa ile nta inapasukapasuka na rangi inapenya kwenye nyufa, ndo vile vimistari vyembamba kama mishipa unaviona, na havijirudii, ukikata yadi mbili pembeni kwa pembeni vimistari haviko sawa. Halafu pindoni kuna maandishi ya kiwanda, ila pindo nalo Wachina wanalinakili siku hizi kwa hiyo usitegemee pindo peke yake. Kijana wa Kikongo anayemshushia mizigo alikuwepo, akaingilia, "Iyi njo yenyewe mama, haitokake rangi." Na kweli nimefua, haijachuja.

Ila kitambaa kizuri unaweza kukipata popote mwenye hela yake. Kinachofanya watu wapange foleni kwa huyu mama ni kwamba anakuuzia kitenge na maneno yake.

Naomba mnielewe hapa maana ndo roho ya duka. Kanga yetu sote tunaijua, imeandikwa, ukimvalia mtu kanga ya mafumbo mtaa mzima umesoma na jioni umeitwa kwenye kikao. Kitenge hakijaandikwa kitu. Kina jina, na jina wanalijua wanaojua tu. Kile chenye tundu la ndege mlango wazi na ndege yuko nje anaruka, Wakongo na watu wa Afrika Magharibi wanakiita kwa Kifaransa "Si tu sors, je sors", yani baba ukitoka na mimi natoka. Kuna jicho la mwenzangu, huyo mwenzangu ni yule mnayegombea naye mume. Kuna farasi, hicho maana yake namshinda mbio huyo huyo mwenzangu. Kuna cha mume wangu anaweza, hicho wanavaa waliotunzwa na hata ambao hawajatunzwa ila wanataka ionekane. Maua makubwa ya haibiskasi ni ya ndoa. Sasa fikiria ukumbi wa harusi, watu mia tatu, ma-MC, kamera, mkwe wa bibi harusi yupo, na wewe umekaa meza ya nyuma umevaa tundu la ndege. Kwa watu wote umependeza tu. Kuna mtu mmoja kwenye ule ukumbi kaona na anatafuta maji ya kunywa.

Na mjue Kigoma ya sasa sherehe zimekuwa sherehe. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese wana hela, watu wa mashirika ya wakimbizi wana hela, mchango wa singo na dabo umepanda, na kila wikiendi kuna kitchen party au sendoff au kipaimara ambacho kimegeuka harusi. Watu ni wale wale, wanakutana kumbi zile zile, waliopendana zamani, walioachana, waliooana na ndugu wa walioachana nao. Hamuwezi kusemeshana mbele za watu. Ndo vitenge vinafanya kazi hiyo.

Mi niliuliza haya majina yanatoka wapi maana mengine nahisi anatunga. Akasema kwani nani hatungi. Na hapo yuko sahihi bana, nimefuatilia: kiwanda chenyewe kikubwa, Vlisco, kipo mji unaitwa Helmond huko Uholanzi tangu 1846, walianza kwa kuiga batiki za Java, soko lililokuja kushika sana likawa huku kwetu Afrika. Kiwandani kitambaa kinatoka na namba. Namba tu. Jina wanatoa kina mama sokoni, na waliosifika zaidi ni wale wa Lomé, Togo, walioitwa Nana Benz kwa sababu biashara ya vitenge iliwapa hela mpaka wakawa wanatembelea Mercedes-Benz. Wao ndo walikuwa wanaangalia dizaini wanasema hii ni jicho la mwenzangu, na kikishapata jina kinauzika, kisipopata kinalala stoo. Kwa hiyo mama wa Mwanga naye akiamua kile chenye viboksi vya kijani kinaitwa "nilikusubiri stesheni" mi nani nibishe. Hicho kakitunga yeye, nina uhakika, na anakiuza balaa.

Siku naenda kuchagua changu nilikuta dada mmoja kashaingia, mavazi ya ofisini, kitambulisho bado kiko shingoni. Kaleta kadi ya mwaliko kaiweka juu ya meza, hakusema kitu. Mama akaichukua akasoma jina la bwana harusi, akairudisha, akaanza kushusha vitenge. Hakuuliza. Yule dada akagusa cha macho, mama akakivuta taratibu akakikunja, "Hicho mwanangu kitasema umekuja kugombana, utawapa raha." Akamshushia tundu la ndege, dada akatikisa kichwa. Wakakaa hivo muda, mi nimejifanya naangalia zipu. Mwishoni mama akapanda kigoda akatoa pisi moja ya bluu ya giza, maua ya ndoa, akaitandaza akasema kwa sauti ya chini ila nikasikia, "Kile alichokununulia mwaka ule kilikuwa chekundu. Hiki ndo chenyewe, rangi nyingine." Dada akashika pindo akawa analisugua kwa kidole gumba kama mtu anahesabu noti. Akalipa bei kamili bila kuomba kupunguziwa hata mia.

Yani hapo ndo nikaelewa huyu mama ni hatari. Anakumbuka nani kamnunulia nani nini. Anajua kina baba wote wa mjini walionunua pisi mbili zinazofanana na moja tu ikafika nyumbani. Angekuwa na mdomo Kigoma isingelala, ila hana, nimemchokonoa kwa namna zote nikaambulia "mwanangu chagua kitambaa." Kwa usiri nampa nyota hata sita. Mteja mwenye mambo yake aende kwa amani.

Haya, picha. Ipo ukutani nyuma ya meza ya kukatia, imechapishwa stationery ikawekwa kwenye fremu ya kioo, mwanamke yuko kwenye bembea, mguu mmoja juu, kiatu kimeruka kipo hewani, gauni pana la zamani la Kizungu lenye marinda, ila limeshonwa kwa kitenge. Na hana kichwa. Wateja wengine wanaogopa, kuna mama mmoja alitubu pale pale mlangoni akasema duka lina maagano. Hamna maagano, ni kazi ya msanii anaitwa Yinka Shonibare, mzaliwa wa London aliyekulia Lagos, aliitengeneza 2001, sio mchoro, ni mdoli mzima mkubwa kama mtu na ipo kwenye makumbusho ya Tate huko Uingereza. Na yeye kaitoa kwenye mchoro wa Mfaransa Fragonard wa 1767 hivi. Kichwa kakiondoa makusudi, wale matajiri wa Ufaransa waliokuwa wanabembea hawakujua kwamba mapinduzi yanakuja na vichwa vitakatwa.

Ila huo mchoro wa mwanzo ndo una umbea. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa ikulu ya mfalme alimwendea mchoraji mwingine kabisa, anaitwa Doyen, akamwambia nataka unichoree mpenzi wangu yuko kwenye bembea, anasukumwa na askofu, na mimi uniweke chini mahali ambapo naiona miguu yake. Doyen akaogopa, kazi akaisukumia kwa Fragonard. Fragonard akaipokea, askofu akambadilisha akaweka mzee wa kawaida nyuma gizani anavuta kamba. Kwa hiyo ukiangalia unaona mzee anasukuma, hajui kitu, mwanamke kavaa gauni la pinki, kiatu kinaruka, na kijana kajilaza kwenye maua mbele anaangalia juu kama kapigwa na radi. Pembeni kuna kisanamu cha malaika wa mapenzi kidole mdomoni, kwamba nyamazeni. Na kimbwa kidogo kinabweka, yani kila kwenye siri lazima kuna mmoja wa kubweka.

Sasa niambieni hiyo si sendoff ya Kigoma ni nini? Watu wote wanaona dada anabembea. Mmoja tu ndo anajua bembea ni ya nani. Fundi wa pale, kijana mtulivu hivi, ndo aliyeichapisha, anasema aliiona kwenye simu akaona gauni la kitenge limetundikwa makumbusho Uingereza akasema kumbe hata mi naweza. Akashona la kwanza la mfano, juu limebana, kiunoni limekaza, chini marinda mapana mpaka sakafuni, mabega wazi kidogo. Wadada wakaliona, sasa hivi mjini linaitwa "bembea" na kila mwenye sherehe anataka bembea. Na mi nikataka. Kitambaa nikachukua tundu la ndege, bluu na njano, msiniulize kwa nini, mnajua na kama hamjui basi.

Hapa ndo malalamiko yanaanza, kaeni vizuri.

Moja, fundi hakuniambia kwamba bembea halitoki kwenye pisi moja. Yadi sita kwa marinda yale ni uongo, kanipima, kaandika, kachukua advansi, halafu katikati ya kazi ananipigia "dada kitambaa kimeisha". Kimeisha vipi wakati ulikiona? Ikabidi ninunue pisi ya pili ya bei ile ile ya upande wa kulia, na hapo mchango wa kamati bado nadaiwa. Haya mambo yanasemwa mwanzo. Bitana nayo kaweka ile nyepesi ya bei rahisi inayoshika mwili ukitoka jasho, na kumbi zetu mnazijua feni mbili na zote ziko kwa maharusi. Nilivyolalamika akasema bitana nzuri ipo ila hukuomba. Mimi ndo fundi au wewe ndo fundi?

Tarehe ndo usiseme. Kila nikipiga "kesho dada", nikienda nakuta gauni liko kwenye mashine ila la mtu mwingine. Nilichukua langu asubuhi ya sherehe yenyewe, uzi unaning'inia, pasi nimepiga mwenyewe kwa jirani maana kwetu umeme ulikatika.

Na sasa kubwa kuliko. Nimefika nyumbani nalitazama kwenye kioo, mbele safi kabisa, kiuno kimekaa sijapata kuona, mabega yamekaa, ndege wanaruka juu kama wanavyotakiwa. Nageuka nyuma: ndege wote wako kichwa chini. Kitambaa chenye picha ina juu na chini yake, na yeye ili abane kitambaa kaligeuza panda la nyuma. Yani mbele natoka, nyuma nadondoka. Nikampigia mama nikiwa na hasira, nikamwambia mama angalia fundi wako alichonifanyia, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu mbona vizuri. Mbele katoka, nyuma anarudi." Nikakata simu. Nilicheka lakini nilikata simu.

Nikavaa, ningefanyaje. Na kiukweli wa Mungu nilipendeza, picha mmeziona, nusu ya ukumbi ilikuja kuuliza. Aliyegundua mgongo ni bibi mmoja wa Kikongo meza ya pili, mtu mzima sana, kilemba kimepanda juu, alinisimamisha napita na sahani, akanigeuza kwa mikono yake kama ananunua kuku, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akaguna, akaniachia. Hakusema kitu. Mtu niliyemvalia alikuwa meza ya kulia na mkewe, mkewe kavaa mume wangu anaweza. Hayo ni mambo ya siku nyingine.

Turudi kwenye duka. Malipo anapokea pesa taslimu na kwa simu, makato ya kutoa ni juu yako. Chenji ya mia tano haijawahi kuwepo pale, utapewa bazoka. Akina baba mnaokwenda kununulia watu msione aibu, mwambieni tu shughuli yenyewe ni ipi na mama atajua akushushie kipi, na kama ni pisi mbili zinazofanana mwambie azifunge mifuko tofauti, mwenyewe kashazoea. Wanaotaka sare za kamati waende upande wa kushoto na waende mapema, ukichelewa unapata rangi mbili tofauti za kitenge kimoja na picha zitawasuta.

Ushauri wangu ni huu, kitambaa chukua kwake, pima kwa yule fundi kama una moyo maana mikono anayo kweli, kiuno kile hakuna mwingine mjini anayekikata, ila simama hapo hapo wakati anakata na mwonyeshe kabisa juu ni wapi. Bembea beba pisi mbili. Bitana nenda nayo kutoka nyumbani. Tarehe mdanganye, mwambie sherehe ni wiki moja kabla. Kitambaa na mama mwenyewe nyota tano, mshono nyota tatu na hizo tatu mbili ni za kiuno.

Ameniambia kuna mzigo unavuka kabla msimu wa harusi haujaanza, na ndani yake kuna kile cha mikoba, wanakiita mkoba wa Michelle Obama. Pisi moja ya kijani kashaniahidi ananiwekea chini ya meza, sasa mkienda msije mkajifanya mmetumwa na mimi.